HIJABU NA UFARANSA: HUU MZOZO ULIANZIA WAPI?



Wale mliofuatilia Olimpiki ya Paris mtakumbuka marathoni ya wanawake, tarehe 11 Agosti 2024. Dada yetu Hellen Obiri wa Kenya alichukua shaba, Tigst Assefa wa Ethiopia akachukua fedha, na dhahabu ikaenda kwa Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeikimbilia Uholanzi. Hassan alipanda kupokea medali yake akiwa amevaa hijabu. Watu wakashangilia, picha zikazunguka dunia nzima.

Sasa kichekesho ni hiki. Mwanariadha wa Ufaransa, yaani mwenyeji wa mashindano yenyewe, asingeweza kufanya hivyo. Serikali yao ilishasema mapema kwamba wanamichezo wa timu ya taifa hawaruhusiwi hijabu. Sounkamba Sylla, mkimbiaji wao wa kupokezana vijiti, nusura akose sherehe ya ufunguzi kwa ajili ya kitambaa cha kichwani, mpaka wakakubaliana avae kepu. Mgeni ruksa, mwenyeji marufuku! Inakuwaje?

Kila habari kama hii ikitoka, maoni huwa ni yale yale. Kundi la kwanza: "Wazungu wanauchukia Uislamu, basi." Kundi la pili: "Kama hawataki sheria za watu, warudi kwao." Kundi la kwanza linasahau kwamba Uingereza na Marekani nao ni Wazungu na hawana sheria hizo. Kundi la pili linasahau kwamba wengi wa hao wasichana wamezaliwa Ufaransa, kwa hiyo "kwao" ndiyo hapo hapo. Leo nataka tuifungue hii ishu polepole, tangu mwanzo, ili tukibishana tubishane tukiwa tunajua tunachobishania.

SERIKALI HAINA DINI... LAKINI KWA MTINDO UPI?

Sisi Tanzania tumekua tukisikia kwamba serikali haina dini, watu ndio wenye dini. Huo ndio usekula kwa lugha rahisi. Lakini msidhani nchi zote za Magharibi zinauelewa kwa namna moja.

Chukua Uingereza. Kule mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana, na maaskofu 26 wana viti vyao katika Baraza la Malodi. Kwa karatasi hiyo ni nchi yenye dini rasmi kabisa. Ila polisi wa London waliruhusu askari wa kike kuvaa hijabu tangu 2001, na Kalasinga anavaa kilemba chake akiwa kazini. Mwaka 2016 London ikamchagua Sadiq Khan, Mwislamu, kuwa meya.

Njoo Marekani. Marekebisho ya kwanza ya katiba yao, ya 1791, yanasema Bunge lisianzishe dini rasmi, na papo hapo lisimzuie mtu kufuata dini yake. Yaani kwao ukuta kati ya dini na dola umejengwa zaidi kumlinda muumini dhidi ya serikali. Januari 2019 Baraza la Wawakilishi lilibadili kanuni iliyokuwa na miaka 181 ya kukataza kuvaa kitu kichwani ukumbini, ili Ilhan Omar aweze kukaa na hijabu yake. Huyu ni mzaliwa wa Somalia ambaye utotoni aliishi kwenye kambi ya wakimbizi huko Kenya.

Ufaransa ni habari nyingine. Usekula wao wanauita laisite, na kwao ni kama nguzo ya taifa, sawa na bendera. Kuuelewa lazima turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

UGOMVI WA KWANZA HAUKUWA NA WAISLAMU

Hapa ndipo wengi hatupajui. Laisite haikutengenezwa kwa ajili ya Waislamu. Ilitengenezwa kwa ajili ya Kanisa Katoliki.

Kabla ya mapinduzi ya 1789 Kanisa lilikuwa na ardhi kubwa, lilikusanya zaka, na lilimuunga mkono mfalme. Mapinduzi yakaja, mali za Kanisa zikataifishwa. Mwaka 1801 Napoleon akaelewana na Papa, serikali ikawa inawalipa mapadri mishahara. Lakini karne nzima ya 19 waliotaka jamhuri na waliotaka mfalme waliendelea kuvutana, na Kanisa mara nyingi lilikaa upande wa mfalme. Uwanja mkubwa wa vita yao ulikuwa shule: nani amfundishe mtoto, mwalimu wa serikali au mtawa? Mwaka 1904 sheria ikapiga marufuku mashirika ya watawa kufundisha.

Tarehe 9 Desemba 1905 ndipo ikapita sheria yenyewe ya kutenganisha dini na dola. Kifungu cha kwanza kinahakikisha uhuru wa dhamiri na uhuru wa kuabudu. Cha pili kinasema Jamhuri haitambui dini yoyote, hailipi mshahara wala haitoi ruzuku kwa dini yoyote. Mwaka 1906 maofisa walipokwenda kuorodhesha mali za makanisa, kuna waumini waliojifungia ndani na damu ikamwagika. Haikuwa mchezo.

Sasa sikilizeni hii. Bunge lilipokuwa linajadili sheria hiyo, mbunge mmoja alileta pendekezo kwamba mapadri wakatazwe kuvaa kanzu zao barabarani. Aristide Briand, aliyekuwa anaiongoza sheria bungeni, akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya uhuru haiwezi kuanza kumpangia mtu nguo. Pia alijua kwamba ukikataza kanzu ile, mafundi cherehani watashona vazi jingine jipya nalo litakuwa alama vile vile. Pendekezo likaangushwa kwa kura. Likumbukeni hilo, maana mbele tutakutana na kitu kinachofanana nalo sana.

WAISLAMU WALIINGIAJE HAPO?

Wakati huo Ufaransa ilikuwa inaitawala Algeria tangu 1830, nchi ya Waislamu. Je, sheria ya 1905 ilifuatwa kule? Kwa jina tu. Serikali ya kikoloni iliendelea kuwalipa na kuwachagua maimamu, kwa sababu ilitaka kuwashikilia. Kwa hiyo laisite ilikuwa nzuri kwa Paris, lakini kwa Algiers ikawekwa kando.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja, maelfu ya askari Waislamu kutoka Afrika wakafa wakiipigania Ufaransa. Kwa shukrani serikali ikachangia fedha za kujenga Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926. Ndiyo, serikali ile ile isiyotoa ruzuku kwa dini.

Baada ya Vita ya Pili viwanda vikahitaji mikono. Wanaume wakaletwa kutoka Algeria, Moroko, Tunisia, Mali, Senegal. Walikaa mabwenini, wakafanya kazi za magari na ujenzi, na kila mtu, wao wenyewe wakiwemo, alidhani watarudi makwao. Mwaka 1974 Ufaransa ikasimamisha uhamiaji wa wafanyakazi. Wale waliokuwepo wakaona wakitoka hawataingia tena, hivyo wakaleta wake na watoto. Wengi wakaishi kwenye maghorofa ya nje ya miji. Watoto wakazaliwa, wakasoma, wakawa Wafaransa. Uislamu ukaacha kuwa dini ya vibarua wa kupita, ukawa dini ya raia. Utafiti wa idara ya takwimu ya Ufaransa wa 2019 na 2020 ulionyesha watu 10 kati ya 100 wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wanajitaja kuwa Waislamu. Wakatoliki walikuwa 29, na 51 walisema hawana dini kabisa. Tafakarini hiyo 51. Kwa watu wengi wa kule, dini yoyote inayoonekana hadharani ni jambo la kuwashtua.

CREIL, 1989

Creil ni mji mdogo kaskazini mwa Paris. Mwanzo wa mwaka wa masomo wa 1989 wasichana watatu walikuja shule ya sekondari na hijabu, wakakataa kuzivua darasani, mkuu wa shule akawatoa. Ingeweza kuwa habari ya mtaa. Badala yake nchi nzima ikawaka. Wanafalsafa watano, akiwemo Élisabeth Badinter na Régis Debray, waliandika barua gazetini kuwataka walimu wasikubali, wakaifananisha hali hiyo na viongozi wa Ulaya walivyosalimu amri kwa Hitler mjini Munich. Kwa watoto watatu na vitambaa vitatu!

Waziri wa elimu Lionel Jospin akaomba ushauri kwa Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama yao ya juu ya kesi za serikali. Novemba 1989 Baraza likasema: mwanafunzi kuvaa alama ya dini si kosa lenyewe kwa lenyewe, isipokuwa kama anawashinikiza wenzake, anachokoza, au anavuruga masomo. Mwalimu, yeye, asivae, maana yeye ndiye serikali. Mwanafunzi ni mtumiaji wa huduma tu.

Jamani, hapo ndipo kiini cha mzozo wote kilipo. Kutokuwa na dini ni wajibu wa NANI? Wa dola, au wa mtu anayeingia kwenye jengo la dola?

SHERIA YA 2004

Kwa miaka 15 kila shule iliamua kivyake, kesi zikaenda na kurudi. Mwaka 2003 Rais Jacques Chirac akaunda tume chini ya Bernard Stasi. Tume ilitoa mapendekezo mengi, likiwemo la Idd na sikukuu ya Kiyahudi ya Yom Kippur ziwe siku za mapumziko shuleni. Hilo likaachwa. La marufuku likachukuliwa. Bunge likapitisha kwa kura 494 dhidi ya 36, na tarehe 15 Machi 2004 ikawa sheria: katika shule za umma, kuanzia msingi hadi sekondari, hakuna kuvaa alama au nguo inayoonyesha wazi wazi dini ya mwanafunzi.

Kwa maneno ya sheria hiyo inagusa wote: hijabu, kofia ya Kiyahudi, kilemba cha Kalasinga, msalaba mkubwa. Msalaba mdogo shingoni hauna shida. Ripoti rasmi ya mwaka wa kwanza ilitaja wanafunzi 47 waliofukuzwa: wasichana 44 wa hijabu na wavulana 3 wa Kalasinga. Wengine walihamia kusoma kwa posta au shule za binafsi. Na wapo waliopokelewa na shule za Kikatoliki, ambazo sheria haizigusi. Yaani binti wa Kiislamu anakimbia shule isiyo na dini anaenda kujistiri kwa masista. Dunia ina mambo.

Kuna tukio moja la mwaka huo ambalo ni vizuri tulijue. Agosti 2004 waandishi wawili wa Kifaransa, Christian Chesnot na Georges Malbrunot, walitekwa Iraki, na watekaji wakadai sheria ifutwe. Waislamu wa Ufaransa, hata waliokuwa wanaipinga sheria, walisimama wakasema: si kwa jina letu. Viongozi wao wakasafiri mpaka Baghdad kuwaombea waachiwe. Wakaachiwa Desemba.

KUTOKA KITAMBAA HADI GAUNI

Baada ya hapo mstari ukawa unasogea.

Mwaka 2010: sheria ya kutofunika uso mahali popote pa umma. Ilianza kutumika Aprili 2011, faini hadi yuro 150, na anayemlazimisha mwanamke kuvaa nikabu faini hadi yuro 30,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Makadirio ya serikali yenyewe yalikuwa kwamba wanawake wa nikabu nchi nzima hawafiki 2,000. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubali sheria hiyo Julai 2014. Ilizikataa hoja za usalama na usawa wa kijinsia, ikakubali moja tu: ya "kuishi pamoja", yaani watu waonane sura. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema kinyume mwaka 2018. Halafu 2020 korona ikaja, serikali ikaamuru kila mtu afunike mdomo na pua...

Mwaka 2016: burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili. Ilikuwa baada ya lile lori la Nice lililoua watu 86 tarehe 14 Julai. Miji kadhaa ya pwani ikaipiga marufuku. Agosti 26 Baraza la Dola likaisimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet, likisema hofu peke yake si sababu ya kumzuia mtu ufukweni.

Mwaka 2023: abaya, sawa na baibui letu la kawaida bila ushungi. Waziri wa elimu Gabriel Attal akatangaza kuwa halitakiwi shuleni. Siku ya kwanza wasichana 298 walikuja nalo, na 67 wakakataa kulivua wakarudishwa nyumbani. Safari hii Baraza la Dola likamuunga mkono waziri. Wakapinga wakosoaji: gauni refu ni dini au ni gauni? Akilivaa Marie ni mtindo, akilivaa Fatima ni alama?

Sasa rudini kwa Briand na kanzu za mapadri za 1905. Alichokisema kuhusu mafundi cherehani kimetimia.

HOJA ZA PANDE ZOTE

Tusiwe washabiki wa upande mmoja. Wanaounga mkono wana hoja nzito kiasi chake. Wanasema shule ndiyo mahali pekee ambapo mtoto anapumua mbali na shinikizo la baba, kaka na mtaa. Wanasema kuna wasichana wanaolazimishwa, na marufuku inawapa kisingizio cha kusema "shule imekataa". Na si Wazungu peke yao wanaosema hivyo. Fadela Amara, binti wa wahamiaji wa Algeria aliyeongoza harakati za wanawake wa mitaa ya maghorofa, aliiunga mkono sheria ya 2004.

Wanaopinga nao wanauliza: kama unaamini binti anaonewa, kwa nini adhabu yake iwe kumfukuza yeye shule? Wanauliza tena: kama dola haina dini, mbona Krismasi, Kupaa kwa Bwana na Watakatifu Wote ni sikukuu za taifa? Mbona makanisa ya kabla ya 1905 yanatunzwa kwa fedha za umma? Mbona shule za Kikatoliki zenye mkataba na serikali zinalipiwa walimu tangu sheria ya 1959? Majibu yapo, mengi ni ya kihistoria, lakini mtu wa dini iliyochelewa kufika anayaona kama mizani iliyopinda.

Halafu kuna hofu. Januari 2015 watu 12 waliuawa katika shambulio la gazeti la Charlie Hebdo. Novemba mwaka huo wakauawa 130 Paris na Saint-Denis. Oktoba 2020 mwalimu Samuel Paty akauawa kwa sababu ya somo alilofundisha kuhusu uhuru wa kujieleza. Huwezi kumwambia Mfaransa asiogope. Ila yule polisi aliyepigwa risasi barabarani siku ya Charlie Hebdo, Ahmed Merabet, alikuwa Mwislamu. Na Lassana Bathily, kijana wa Mali aliyewaficha wateja chini ya duka la Kiyahudi siku mbili baadaye, alikuwa Mwislamu. Wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia hawapendi sana kuwataja hao. Marine Le Pen kwenye kampeni ya 2022 aliahidi kupiga marufuku hijabu barabarani kote.

NA HUKU JIRANI YETU JE?

Mnajua kwamba Ufaransa ipo pia Bahari ya Hindi, hapa hapa jirani? Mayotte, kisiwa cha Komoro kilichobaki na Ufaransa, kilifanywa mkoa kamili wa Ufaransa Machi 2011. Karibu wakazi wote ni Waislamu, na Kishimaore chao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Sheria ya 1905 haitumiki kule. Makadhi walikuwa sehemu ya mfumo wa serikali, wakihukumu ndoa na mirathi, mpaka mamlaka yao ya kimahakama yalipoondolewa 2010. Alsace na Moselle nako, kwa kuwa 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani, mapadri, wachungaji na marabi bado wanalipwa na dola. Waislamu wa huko hawamo kwenye mpango huo.

Maana yake? Laisite si mwamba usiosogea kama wanavyoihubiri. Inajua kulegea pale dola inapotaka.

KWA ANAYEPANGA KWENDA

Najua wapo humu wanaotafuta nafasi za kusoma nje, kwa hiyo muhtasari wa haraka. Chuo kikuu Ufaransa: mwanafunzi ruksa hijabu. Barabarani, sokoni, kwenye basi: ruksa, ila uso uwe wazi. Sekondari ya umma: marufuku. Kazi ya serikali (mwalimu, nesi wa hospitali ya umma, karani): marufuku, na vivyo hivyo msalaba. Michezoni: soka na kikapu walishazuia kwenye mashindano yao, na Februari 2025 Seneti ilipigia kura muswada wa kuzuia michezo yote ya mashindano.

MTAZAMO WANGU

Mimi naona kosa lilianza pale wajibu wa dola ulipohamishiwa kwa mtoto. Mwalimu asiwe na upande darasani, hapo naelewa kabisa, maana hata mimi nisingependa mwalimu wa serikali anihubirie dini yake. Lakini binti wa miaka 14 si serikali. Ukimwambia achague kati ya ushungi na daftari, umemwekea mtihani ambao hata baba yake, kama kweli anamlazimisha, hakumwekea.

Na kwa Waislamu wenzetu wanaoshangilia kila serikali inayomlazimisha mwanamke kujifunika kwa fimbo, halafu wanalia Ufaransa inapomlazimisha kujifunua: mkono ni ule ule. Mwanamke hajaulizwa huku wala kule.

Nimemaliza, nawasilisha. Aliyeishi Ufaransa, Ubelgiji au Mayotte atuambie hali halisi ikoje mtaani. Ambaye hakubaliani nami aje na hoja, tutajibizana. Ila matusi kwa dini ya mtu, yoyote ile, nayafuta bila kuuliza.